Shawa Iliyoteremshwa Mlimani

Bibi alipokubali kuja kukaa kwetu mjini Same, alitoa sharti moja: shawa yake ije naye. Hakutaja kitanda, wala kuku, wala picha ya marehemu babu. Alitaka shawa. Baba akaipandia ngazi kule nyumbani milimani, akaifungua ukutani, akaizungushia khanga, na Bibi akaipakata njia nzima ndani ya pikapu iliyokuwa inashusha tangawizi.

Watu walitucheka. Same ni joto. Mchana ukifungua bomba la nje, maji yanatoka ya vuguvugu bila kuulizwa. Nani anahitaji shawa ya maji moto ya umeme? Lakini mlima haujamtoka Bibi mwilini. Amezeeka kwenye ukungu, na kwake maji yasiyotoa mvuke ni ya kuoshea vyombo. Halafu kuna sababu nyingine, ambayo aliniambia mimi peke yangu, kwa kuwa mimi ni mjukuu wa jina lake na ananiita mke mwenzake. Alipougua sana, kabla baba hajamfungia ile shawa, alikuwa anaogeshwa kwa ndoo. Mama yangu ndiye aliyemwogesha. Mkwe wake. Shawa ilipofungwa akaanza kuoga mwenyewe, amesimama, mlango umefungwa kwa komeo.

"Siku nitakayoogeshwa tena," aliniambia, "na iwe ile ambayo sitakuwa na habari."

Baba ni fundi bomba. Shawa hizo ndizo zilizompa jina. Kule juu amefunga kwa walimu, kwa wastaafu, hata kwenye nyumba ya mchungaji. Na watu wa milimani wakiteremka kuhamia huku chini kwenye joto, hawaachi ugonjwa wao wa maji moto, kwa hiyo wanamfuata. Mwaka huu amefunga Kifaru, amefunga Kwakoa, na juzi alikuwa amepata kazi Bendera.

Kuhusu mimi hakuna mengi. Niko kidato cha tatu na sisemi sana. Darasani nikiulizwa najibu, ila jibu linaishia kwenye kola ya shati. Ndiyo maana naandika.

Tangu Bibi afike alikuwa na mashtaka juu ya maji yetu, na mashtaka yenyewe ni ya kweli. Maji yetu yanatoka kisimani na yana chumvi. Chai inakuwa nzito. Sabuni haitoi povu, inaganda kama maziwa yaliyoharibika. Sufuria inashika ukoko mweupe. Bibi alikuwa akionja chai asubuhi anamwangalia baba kwa huruma, kama mtu aliyemkuta mwanawe anaishi kwenye nyumba isiyo na paa.

"Mnakunywa haya kila siku?"

"Tumezoea, mama."

"Hata punda huzoea."

Basi aliposema kwamba akioga mikono inaingia ganzi, na kwamba ganzi hiyo inaanzia kwenye vidole na kupanda, sisi tuliweka pamoja na mambo ya chai na sabuni. Tena Bibi ana sukari. Kliniki waliposikia habari ya ganzi hawakuuliza anaipata wapi. Walisema ni sukari hiyo, apunguze ugali. Akapunguza ugali. Ganzi ikabaki palepale bafuni.

Ilikuwa likizo, na mama alikuwa amepanda milimani kwenye msiba wa shangazi yake, kwa hiyo nyumba ilikuwa mikononi mwangu. Jumatano jioni niliingia kusafisha bafu. Nilivua kandambili ili zisinitelezeshe na nikasugua sakafu kwa brashi. Bibi alikuwa ametoka kuoga na kuacha swichi imewashwa. Swichi yenyewe iko nje ya mlango, ina taa nyekundu. Sikuijali. Nikanyoosha mkono kufungua koki ili nisuuze sakafu.

Maji yakaanza kutoka, na mkono wangu ukashikwa.

Sijui niseme vipi. Haikuwa kama kuungua. Ilikuwa kama kuna mtu ndani ya koki ameukamata mkono wangu, anautikisa kutoka ndani ya mfupa, mpaka kiwiko. Vidole havikunisikia. Halafu mguu ukateleza, nikaangukia makalio, na kwa sababu hiyo tu nikaachia. Maji ya moto yakaendelea kuninyeshea kichwani. Nilitambaa mpaka nje, nikazima swichi kwa mpini wa brashi.

Baba aliporudi nilimweleza. Nilimweleza kama ninavyoeleza mambo, yaani nikiangalia vidole vya miguu yangu.

"Imekuchoma?"

"Ndiyo baba."

"Ulishika nini?"

"Koki."

Hakunidharau, nataka hilo lieleweke. Aliacha chakula chake, akachukua testa, ile bisibisi ndogo yenye taa kwenye mpini, akawasha swichi ya bafu na kuingia. Akagusa koki kwa ncha. Taa ya testa haikuwaka. Akagusa bomba, akagusa kichwa cha shawa, akagusa hata bawaba za mlango. Hamna kitu. Bibi alikuwa amesimama nyuma yetu na shuka mabegani.

"Ni kitu gani mnatafuta humo?"

"Mjukuu wako anasema shawa imemrusha."

"Shawa yangu? Imekaa kwangu miaka yote haijamrusha hata panya."

Baba akafuta testa kwenye suruali. "Labda uligonga kiwiko ulipoteleza, mwanangu. Kiwiko kikigongwa kinatoa umeme wake chenyewe." Akacheka, Bibi akacheka. Mimi nami nikatabasamu, kwa sababu tabasamu halihitaji sauti.

Asubuhi baba aliondoka mapema kwenda Bendera, boksi la shawa mpya limefungwa nyuma ya pikipiki. Mimi nilikuwa napiga mswaki uani nikiangalia maji yanavyotoka bombani, na hapo ndipo kitu kiliponijia. Shawa ile haiamki mpaka maji yapite ndani yake. Baba mwenyewe ndiye aliyenifundisha, nilipokuwa mdogo, nikishangaa mbona haiungui ikiwa imewashwa bila maji. Maji yakipita yanasukuma, umeme unaingia, maji yanachemka. Maji yakifungwa, imelala. Na jana baba alipima maji yakiwa yamefungwa. Alimpima nyoka aliyelala.

Nilimpigia simu. Iliita mpaka ikachoka. Nikajua yupo barabarani. Nikampigia tena baadaye, na nikajua sasa anatoboa ukuta.

Bibi akatoka chumbani na taulo begani.

"Leo wanakuja akina mama wa jumuiya kusali hapa. Nataka nioge mapema. Niwashie."

Nilisema sawa. Nikaenda sebuleni, nikazima swichi kubwa ya nyumba nzima, nikarudi.

"Umeme umekatika, Bibi."

Alitega sikio. Kwa jirani redio ilikuwa inapiga kwaya kwa sauti ya juu.

"Na redio ile inapiga kwa kuni?"

"Labda ina betri."

"Labda." Akakaa kwenye kiti cha uani na kunyoosha miguu. "Basi tusubiri."

Nikamwambia nitamchemshia maji kwenye jiko la mkaa, ataoga kwa ndoo. Nilijua nilichokuwa nasema, na yeye alijua kwamba najua. Aliniangalia bila utani wowote.

"Ndoo sitaki."

"Nitakuwekea tu, utaoga mwenyewe."

"Siwezi kuinama na kuinuka na kopo, na wewe unajua siwezi. Utaanza kwa kuniwekea, utamalizia kwa kunisugua. Sitaki, mke mwenzangu. Nitasubiri umeme."

Nilichochea mkaa hata hivyo. Na nikiwa nimechuchumaa pale kwenye jiko ndipo nilipoona nyayo zake. Alikuwa amenyoosha miguu, kandambili zimenielekea. Ya kulia mkanda wake ulikuwa umekatika, na Bibi, kama tunavyofanya sote, alikuwa ameuzuia kwa msumari. Kichwa cha msumari kilikuwa kimebonyea chini kwenye soli, kinang'aa kwa kusuguliwa na sakafu. Ncha yake iko juu, imekunjwa, pale ambapo kidole gumba kinakanyaga.

"Bibi, msumari huo uliuweka lini?"

"Jana jioni, nilipotoka kuoga. Baba yako fundi wa nyumba za watu, kandambili za mama yake hazioni."

Nikakumbuka kwamba jana mimi nilikuwa pekupeku. Kama ile raba ndiyo iliyokuwa inamkinga siku zote, sasa ilikuwa na tundu, na tundu lenyewe ni la chuma.

Nilimpigia baba tena. Ikaita. Nilipotoa simu sikioni kiti kilikuwa kitupu.

Nilimkuta sebuleni, amesimama mbele ya mita, amevaa miwani. "Kuna kidude kimeshuka hapa," alisema, na kabla sijafika akakipandisha. Friji ikaguna. Taa nyekundu ya bafu ikawaka kwenye korido. Bibi akanipita. Alikuwa anatembea polepole, lakini hasimami, na mimi nilitembea nyuma yake nikitafuta sauti yangu kama mtu anayetafuta ufunguo huku mlango unajifunga. Akashika kitasa.

Nikapita chini ya mkono wake, nikaingia, nikasimama mlangoni nikiwa nimeutandaza mwili wangu kati ya miimo miwili. Sijawahi kumzuia mtu mzima njia.

"Toka."

"Hapana, Bibi."

"Umesemaje?"

"Haujakatika. Nilizima mimi. Jana ilinirusha kweli, sikugonga kiwiko. Ilinishika mkono huu, ikapanda mpaka hapa, na vidole vikawa si vyangu."

Nilitegemea aanze Kipare, kwa sababu Kiswahili chake kikiisha uvumilivu hugeuka Kipare. Badala yake aliangalia pale nilipokuwa nimeshika, kwenye kiwiko. Kisha akainua mkono wake wa kulia na kuugeuza, akautazama kama kitu alichokiokota.

"Vidole vikawa si vyako," alirudia.

"Ndiyo."

"Mimi huanzia hapa." Akagusa ncha ya kidole cha kati. "Inapanda hivi. Nikitoka kuoga inaisha."

"Ukiwa kitandani unaipata?"

"Sijawahi."

"Ukiwa jikoni?"

Aliketi kwenye beseni lililopinduliwa la kufulia, pale koridoni, taulo bado begani. Nikazima swichi. Taa nyekundu ilipozimika alishusha pumzi.

"Nimeacha ugali wa watu bure," alisema.

Aliogea ndoo. Aliniagiza nifunge mlango, niingie nyuma yake, nigeuke ukutani mpaka aniite. Aliponiita nilimmwagia mgongoni kwa kopo. Mgongo wake ni mdogo kuliko nilivyodhani. Akina mama wa jumuiya walipofika alikuwa amekaa sebuleni amevaa vitenge vipya, na mmoja akamwambia anang'aa. Bibi akasema ni maji ya chumvi, yanang'arisha hata masufuria.

Baba alirudi jua likianza kushuka, vumbi la Bendera likiwa limemshika mpaka kope. Hata kofia ya pikipiki hajaivua, Bibi akamwambia, "Chukua kale kabisibisi kako. Mwanao ana neno."

Hapo ndipo ilipokuwa ngumu zaidi ya yote. Kumzuia Bibi nilisukumwa na hofu. Kumwelekeza fundi kazi yake, naye ni baba yangu, amechoka, amesimama kwenye korido yake mwenyewe...

"Mwambie," Bibi akasema.

"Baba, jana maji yalikuwa yamefungwa."

Alinitazama. Nadhani alielewa palepale, kabla sijamaliza, kwa sababu uso wake ulibadilika na hakuuliza swali. Akavaa buti zake, akawasha swichi, akachukua mpini wa fagio, ambao ni mti mkavu, akausukuma mkono wa koki mpaka maji yakatoka. Shawa ikaanza kuvuma. Akasogeza ncha ya testa kwenye koki.

Iliwaka. Kitaa kidogo cha rangi ya chungwa, kwenye mpini, katikati ya mvuke. Sote watatu tuliona. Akaondoa, akagusa tena. Ikawaka tena.

Alizima kila kitu na kubaki amesimama na ile testa, maji yanadondoka kutoka kwenye shawa. Kisha akafanya kitu nilichodhani ni wazimu. Akakinga matone kwenye kiganja na kuyaonja.

"Chumvi," alisema.

"Nimekuwa nikikwambia tangu nifike," Bibi akasema, lakini si kwa ukali.

Baba alieleza akiwa anaangalia ukuta. Kule juu maji ni laini, ya chemchemi, hayabebi umeme kirahisi. Ndani ya shawa ile waya unaochemsha unagusana na maji moja kwa moja. Shawa ikitoka kwenye boksi ina waya wa kijani, wa kupeleka ardhini umeme wowote unaovuja. Kule milimani miamba iko karibu, fimbo ya chuma ya kuufungia waya huo ardhini haiingii, kwa hiyo wao mafundi wa kule waliukata ule waya wa kijani na kuuzungushia tepu, na hakuna aliyewahi kurushwa. Akateremka na mazoea hayo. Lakini maji ya huku yana chumvi, na chumvi inabeba umeme kama mchwa wanavyobeba jani.

"Kwa hiyo na ya leo," nikasema.

"Na ya leo. Na ya Kifaru. Na ya Kwakoa."

Alimpigia mteja wa Bendera, simu ilikuwa imezimwa. Akampigia tena. Kisha akavaa kofia. Yule mama, alisema, alikuwa anaisubiri jioni ifike aijaribu. Akaniwekea simu yake mkononi. "Wengine wamo humo. Nimewaandika Shawa. Wapigie, waambie wasiwashe mpaka nifike. Wakikuuliza kwa nini, waambie fundi amekosea." Akatoka. Nikasikia pikipiki ikipinda kuelekea barabara kuu.

Sipigii watu nisiowajua. Hata vocha nikinunua dukani huwa naandika kiasi kwenye karatasi na kumwonyesha muuzaji. Nilimtazama Bibi nikitumaini ataichukua simu. Akakunja mikono.

Kwa Shawa Kifaru alipokea mzee mpole. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikasema, akaniomba nirudie kwa sauti kidogo, nikarudia. Akasema ameelewa, na mkewe alikuwa anasema inamfinya, naye akamwambia ni uzee.

Shawa Kwakoa iliita sana. Ikapokelewa na mtoto.

"Haloo."

"Haloo, mtoto mzuri. Mama yupo?"

"Yupo."

"Mpe simu."

"Anaoga."

Nyuma yake niliusikia ule mvumo. Ninaujua, naweza kuutofautisha na kitu chochote.

"Sikiliza. Nje ya mlango wa bafu kuna swichi yenye taa nyekundu. Iko?"

"Iko."

"Izime."

"Mama kasema nisichezee swichi."

"Najua. Leo kasema uizime. Izime sasa hivi."

"Hajasema."

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Haikuwa ya kupiga kelele, lakini ilijaa sebule yote, mpaka Bibi akasimama. Ilikuwa sauti ya mtu ambaye hawezi kukataliwa. "Mwanangu, mimi ni mtoto wa fundi. Izime, usimguse mama, usiguse mlango. Izime."

Nyayo za mtoto anayekimbia. Mvumo ukaendelea, ukaendelea, kisha ukakatika. Na hapo ndani, mbali, nikasikia sauti ya mwanamke mwenye sabuni machoni ikiuliza ni nani huyo aliyezima, na atamjua leo yeye ni nani.

Ilikuwa sauti ya hasira, na nzima kabisa. Niliketi chini. Bibi akaichukua simu mkononi mwangu na kumalizia salamu yeye.

Baba alimkuta mama wa Bendera anafua kwa maji ya ndoo. Maji yalikuwa hayajapanda kwenye tanki lake siku nzima, ndiyo maana hakuijaribu. Baba akakata nyaya zote palepale. Alitueleza aliporudi, na hakula.

Kesho yake tulichimba shimo nyuma ya bafu letu. Ardhi ya hapa ni kavu, kwa hiyo mafundi hushindilia mkaa na chumvi kuzunguka ile fimbo ya chuma ili ardhi ishike umeme. Bibi alimwaga chumvi mwenyewe, akisema ardhi ya Same haikuwa na haja ya kuongezewa. Waya wa kijani ukaunganishwa. Baba akapima maji yakitiririka, akapima tena. Nikapima mimi. Kisha baba akamnunulia mama yake kandambili mpya na kuutupa ule msumari kwenye paa la choo cha nje.

Jioni Bibi alichukua taulo. Baba akasimama koridoni, kidole juu ya swichi. Mimi nikasimama kando yake. Tulisikia komeo likifungwa, halafu koki, halafu mvumo. Baba akaita.

"Mama?"

Maji yalikuwa yanamwagika.

"Mama, unasikia chochote?"

"Nasikia watu wawili mlangoni kwangu," Bibi akasema. "Ondokeni nioge."

Hatukuondoka. Tulirudi nyuma kidogo tu, na kidole cha baba kikabaki palepale.